Wagonjwa wa Mama Yake Mwenyekiti

Kosa la Soma Kwanza lilikuwa moja tu: aliuliza swali zuri.

Ilikuwa kwenye mkutano mkuu wa Chama cha Wafamasia, saa ile ya mchana ambapo wajumbe wameshashiba na wanamtazama msemaji kwa macho ya samaki. Mwenyekiti wa chama alikuwa anasoma taarifa za kamati. Alipofika Kamati ya Elimu kwa Umma akasema, "Kamati hii kwa mwaka huu haikuwa na shughuli," akafunua ukurasa kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya mdai wake. Soma Kwanza akanyoosha mkono. Akauliza, kwa sauti yake ile ya upole inayokera: ikiwa watu bado wanameza dawa kama karanga na kugawiana vidonge kama peremende, kamati ya kuwaelimisha inakosaje shughuli?

Ukumbi ukaamka. Mwenyekiti wa chama, mtu aliyekula chumvi nyingi katika vikao, akavua miwani na kutabasamu.

"Swali zuri sana," akasema. "Na mwenye swali kama hili hawezi kukosa jibu. Napendekeza yeye ndiye aongoze kamati."

Makofi yalitaka kung'oa paa, maana kila aliyepiga alikuwa anashukuru kwamba si yeye. Kazi yenyewe ilikuwa ya kujitolea kuanzia juu hadi chini: mshahara hakuna, posho hakuna, hata chai hujinunulia mwenye kiu. Kabla Soma Kwanza hajapata la kusema, katibu wa chama alikuwa ameshaandika.

Hilo la Soma Kwanza lilikuwa jina la utani, na alikuwa amelitolea jasho. Katika duka lake la dawa, pale kona baada ya fundi viatu, hakuna mteja aliyeondoka bila kusoma kikaratasi cha maelezo. Asiyeona vizuri alisomewa chote, pamoja na yale madhara yanayompata mtu mmoja katika wengi. Watu walikuja na maumivu ya kichwa wakaondoka na maumivu ya kichwa pamoja na hofu. Lakini walirudi, kwa sababu hakuwahi kumuuzia mtu dawa isiyomfaa.

Jioni ile alipomweleza mkewe, ambaye ni mwalimu wa hesabu, mke aliweka kalamu nyekundu chini.

"Uliuliza swali? Mbele za watu?"

"Lilikuwa swali la haki."

"Sikatai. Sasa maji umeyavulia nguo, baba watoto. Yaoge." Akaendelea kusahihisha madaftari, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Kamati ilikuwa na watu wanne. Wa kwanza ni yeye mwenyewe. Wa pili ni Katibu, mfamasia wa hospitali, mama mchangamfu ambaye kwenye simu alikuwa wa kwanza kujibu kila ujumbe kwa dole gumba na makofi, na siku ya kikao alikuwa wa kwanza kuomba udhuru. Wa tatu alikuwa mkaguzi wa dawa mstaafu waliyemwita Mzee wa Hoja, kwa kuwa hakuwahi kuacha jambo lipite bila kusimama na kusema, "Hoja ya utaratibu, Mwenyekiti." Wa nne alikuwa binti aliyeanza kazi juzijuzi tu katika zahanati moja ya mtaani. Wenzake walimwita Chipukizi.

Kikao cha kwanza kilifanyika kwenye stoo nyuma ya duka, katikati ya maboksi ya dawa za kikohozi. Katibu alituma udhuru. Chipukizi alikuwa zamu. Walibaki wawili, Soma Kwanza na Mzee wa Hoja.

"Basi tuanze," akasema Soma Kwanza.

"Hoja ya utaratibu. Akidi haijatimia."

"Tujadili tu kidogo, mzee wangu, bila kuamua."

"Kujadili bila akidi ni mazungumzo ya kawaida."

"Basi tuzungumze kawaida."

Mzee wa Hoja akafikiri, akaona hakuna kanuni inayokataza, wakazungumza kawaida kuhusu magoti yake mpaka chai ikaisha.

Kikao cha pili kilitimia, na hapo ndipo Chipukizi alipotoa wazo. Kila nyumba, alisema, ina dawa zilizobaki: nusu dozi, chupa zilizoisha muda, vidonge visivyojulikana vilikotoka. Kwa nini wasiwaite watu siku moja wazilete, wazichambue pamoja, wawaeleze, kisha zikateketezwe ipasavyo? Hata Mzee wa Hoja hakupata pingamizi. Wakaiita Siku ya Kurudisha Dawa, wakaomba ukumbi wa shule ya msingi, wakapewa bure.

Mabango aliyaandika mwenyekiti mwenyewe, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na kazi hiyo. Chipukizi alikuwa ameleta rasimu yenye maneno matano. Soma Kwanza aliisifu, akaiweka pembeni, akaandika: "Warsha ya Jamii kuhusu Athari za Matumizi Yasiyo Sahihi na Uhifadhi Usiofaa wa Dawa katika Ngazi ya Kaya." Herufi zikawa ndogo ili zienee.

Siku yenyewe ilipofika, walipanga viti mpaka ukutani. Akaja mtu mmoja. Alichungulia mlangoni akauliza kama hapo ndipo madereva wanapofanyiwa usaili. Soma Kwanza, ambaye hakutaka siku ipotee bure, alimkalisha akamweleza habari za viuavijasumu. Yule bwana alisikiliza kwa adabu, akakubaliana na kila kitu, akachelewa usaili wake.

Jumapili iliyofuata, Soma Kwanza akiwa amenuna kama mtoto aliyenyimwa ngoma, alikwenda kumsalimia mama yake.

Mama yake alikuwa mjane, anaishi peke yake katika nyumba ile ile aliyowalelea watoto wake wote, nyumba yenye baraza pana na benchi refu. Mwanawe alikuwa na desturi ya kupita jioni, haraka haraka, kati ya shughuli mbili. Siku hiyo alikuja asubuhi. Akakuta benchi limejaa. Mmoja ameshika shavu, mwingine amefunga kitambaa kichwani, mama mmoja anambembeleza mtoto anayekohoa. Na mwishoni mwa benchi, kwenye kiti chake chenye mikono, amekaa mama yake na mkoba mweusi mapajani, anachambua vidonge kama mtu anayechagua mchele.

"Hivi viwili meza leo," alikuwa anamwambia fundi saa mwenye shavu. "Kesho viwili. Ukipoa, vinavyobaki nirudishie. Kuna wengine wanasubiri."

"Ahsante, mama. Na haviwezi kunidhuru?"

"Vikudhuru vipi? Mwanangu ni mwenyekiti wa dawa."

Mama akamwona, uso ukamng'aa.

"Ee, huyu hapa mwenyewe! Karibu baba. Tangu wakuchague, watu hawakauki hapa. Heshima uliyotuletea!"

Wagonjwa wote wakasimama kumpa mkono. Yeye alingoja kwa taabu mpaka baraza likatulia, akamwingiza mama yake ndani, akaanza. Alieleza habari za vijidudu vinavyozoea dawa. Alieleza figo. Alieleza ini. Alieleza kwamba zile za fundi saa zilikuwa za kidonda cha mguu cha mtu mwingine kabisa, na kwamba jino linataka daktari wa meno. Alifungua mkoba na kusoma tarehe moja moja kwa sauti, kama hakimu anayesoma mashtaka. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Mwanawe alipofika kwenye umuhimu wa kusoma maelezo kabla ya kumpa mtu dawa, mama akainuka.

"Nilikunyonyesha bila kusoma kikaratasi," akasema. "Ukakua. Nipe mkoba wangu."

Na kwa muda mrefu baada ya hapo, kila alipompigia simu, mama alijibu "Sijambo" na "Haya", akakata.

Alitamani jambo hilo liishie nyumbani. Lakini katika kikao kilichofuata, Chipukizi alipouliza kwa nini mwenyekiti anapendekeza Siku ya Kurudisha Dawa ifutwe kabisa, Soma Kwanza, ambaye uongo haukumkaa mdomoni, alieleza yote. Katibu, aliyekuwa amehudhuria kwa simu, alisikika akibanwa na kicheko.

"Mwenyekiti wa elimu," Mzee wa Hoja alisema polepole, "na mama yake ndiye..." Hakumaliza. Akasimama. "Hoja ya utaratibu. Kuna mgongano wa maslahi. Mwenyekiti hawezi kushughulikia suala la mama yake mzazi. Atoke, tujadili."

"Nitoke wapi, mzee? Hii ni stoo yangu."

"Kaa dukani."

Akatoka, akakaa dukani kama mteja. Walipomwita, walikuwa wameamua: Chipukizi ndiye atakayekwenda kwa mama. Mwenyekiti atatoa usafiri tu, na haruhusiwi kushuka garini.

Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi iliyofuata. Soma Kwanza alisimamisha gari chini kidogo ya nyumba ya mama yake, ng'ambo ya barabara, akajizamisha kwenye kiti mpaka miwani ikabaki sawa na usukani. Alimwona Chipukizi anapanda barazani, anainama kusalimia. Alimwona mama anamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Kisha akaona jambo ambalo hakulitarajia: binti hakufungua daftari wala mdomo. Aliketi kwenye benchi, mahali pa wagonjwa, akaonyesha mkoba kwa kidole kama anayeuliza. Mama akaanza kueleza. Alitoa kopo moja, akaeleza. Akatoa pakiti, akaeleza, mikono ikipaa hewani. Binti akawa anatikisa kichwa, mara anacheka, mara mama naye anacheka. Jua lilisogea kwenye kioo cha gari. Mtu aliyepita alimgongea dirishani, akamsalimia kwa sauti kubwa, "Daktari, mbona umelala chini?" ikabidi ajifanye anatafuta sarafu.

Baadaye Chipukizi alitoa kipimo cha presha kwenye mkoba wake. Mama akakunja mkono wa gauni. Kicheko kikakoma barazani. Binti alipima tena, mkono wa pili.

Aliporudi garini, uso wake haukuwa na utani.

"Mwenyekiti, presha ya mama iko juu. Juu sana."

"Haiwezekani. Ana dawa zake. Mimi mwenyewe humletea."

"Anameza nusu. Nusu nyingine anampa jirani yake, yule mjane wa nyumba ya kijani. Dawa za jirani ziliisha, kliniki ni mbali, na anaona haya kuwasumbua wanawe. Wamegawana hivyo kwa miezi."

Soma Kwanza alishika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini hawakusema chochote kuhusu mama wa mganga.

"Mbona hakuniambia?"

Chipukizi alitazama mbele. Alikuwa mdogo, na huyu alikuwa mkubwa wake. Lakini aliulizwa.

"Anasema alikuwa anangoja umalize kuongea."

Soma Kwanza akashuka garini, mgongano wa maslahi au hapana. Mama alimwona anavuka barabara akajiweka sawa kitini, kidevu juu, tayari kwa vita. Soma Kwanza aliketi kwenye benchi. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu mishipa ya damu, yote ya kweli, yamejipanga kama wanafunzi mstarini. Akayameza yote bila maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Kesho kutwa nitafunga duka. Twende hospitali, wewe na jirani yako."

"Na njiani utatusomea?"

"Sitasoma."

"Hata kidogo?"

"Nikianza, nishushe garini."

Mama akashusha kidevu. Alikunjua mkono wa gauni taratibu, akasema bila kumtazama, "Mtu akigonga mlango wako, mwanangu, unamwambia nini? Nyinyi mnakuja na funguo za gari mkononi. Hawa wanakuja wanakaa. Nikiwa na cha kuwapa, wanakaa." Alipapasa mkoba. "Najua zingine si nzuri. Sijawa mjinga. Ila sikupenda waondoke mikono mitupu."

Soma Kwanza akasogea kwenye benchi, karibu na kiti chake. Mama akauliza, "Na hiyo siku yenu ya kurudisha dawa, nani alikuja?"

"Mtu mmoja. Alipotea njia."

"Mliwaita vipi?"

"Tulibandika mabango."

"Mabango!" Mama alipiga paja. "Mtu haitwi na ukuta, baba. Mtu anaitwa na mtu. Nipeni tarehe. Ila hotuba sitaki kuisikia."

Wakampa tarehe. Yaliyofuata, Soma Kwanza aliyasikia kwa vipande. Mama alipita nyumba kwa nyumba na jirani yake wa nyumba ya kijani, wote wawili sasa wakiwa na dozi kamili na kadi ya kliniki. Alichukua kwa Chipukizi namba ya simu ya Katibu, akampigia mwenyewe. "Mwanangu," alimwambia, "nasikia kila siku ya kikao unapatwa na udhuru. Ni ugonjwa gani huo? Njoo nikuone." Siku ya tukio, Katibu alikuwa wa kwanza kufika, amebeba meza kichwani.

Watu walijaa mpaka nje. Walikuja na mifuko, vikapu, makopo ya mafuta ya kujipaka. Kulikuwa na chupa ambazo maandishi yalikuwa yamefutika kwa kushikwa. Kulikuwa na vidonge vya mbwa ambavyo bwana mmoja alikiri vilimsaidia mafua. Fundi saa alileta vile viwili vilivyobaki, kwa kuwa aliambiwa arudishe, na jino lake lilikuwa limeshang'olewa na anayehusika. Mama aliketi mlangoni akiwapanga watu. "Anayependa maswali, meza ile kwa mwanangu. Mwenye haraka, kwa huyu binti. Mwenye presha, kwa Katibu."

Mzee wa Hoja akamsogelea. "Samahani mama. Hoja ya utaratibu. Kwa mujibu wa katiba, asiye mwanachama hawezi kusimamia..."

"Kaa hapo, baba, upimwe," mama akasema. Akakaa. Ikaonekana kuwa naye anahitaji kumwona daktari, na siku hiyo hakusimama tena.

Meza ya Soma Kwanza haikuwa na foleni ndefu. Alikuja bibi mmoja mwembamba, akaweka mfuko wa karatasi mezani bila kuuachia. Ndani kulikuwa na dawa za moyo, za mumewe aliyefariki, zote zimepitwa na muda kitambo. Soma Kwanza aliona tarehe. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka. Kisha akaona vidole vya bibi, jinsi vilivyokunja mdomo wa mfuko.

"Alikuwa anazimeza saa ngapi?" akauliza.

"Baada ya chai ya asubuhi," bibi akasema. "Mimi ndiye nilikuwa namtolea. Alikuwa anasahau makusudi ili nimwite." Akasimulia. Alisimulia jinsi mzee alivyokuwa anavificha vidonge chini ya sahani, na jinsi alivyokuwa akiimba vibaya bafuni. Watu watatu nyuma yake wakahamia meza nyingine. Soma Kwanza hakuangalia saa. Bibi alipomaliza, alisukuma mfuko mbele kidogo, halafu kidogo tena.

"Mtazifanya nini?"

"Tutaziteketeza kwa heshima, mama."

"Haya," akasema bibi. "Chukua." Alitoa kopo moja, tupu, akalitia kwenye mkoba wake. Soma Kwanza alijifanya hakuona.

Makao makuu ya chama yalipopata taarifa, yalitaka kamati ifanye hivyo katika mitaa mingine yote. Soma Kwanza alikubali kwa sharti moja: Chipukizi awe makamu mwenyekiti na mabango ayaandike yeye. Yakatoka na maneno matano, na yakasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Yeye mwenyewe alibaki na kazi ya kutafuta kumbi, kubembeleza walimu wakuu na kuhesabu viti, na mkewe alidai kwamba hajawahi kumwona akiwa na furaha hivyo tangu siku ya harusi, na hata hiyo siku hana hakika nayo.

Benchi la mama halikupungua watu. Mkoba ulipobaki mtupu, alianza kuwaagiza dukani kwa mwanawe: "Mwambie nimekutuma mimi." Wengine walikwenda. Wengi walikaa tu, wakapiga soga, wakaondoka mikono mitupu bila kulalamika.

Jumapili moja mwanawe alikwenda tena asubuhi. Alikuta jogoo wa jirani ameingia jikoni kwa mama, na mama amesimama na ufagio akimpigia kelele mwenye jogoo kupitia ukuta, naye mwenye jogoo anajibu kutoka upande wa pili. Soma Kwanza alivua koti, akafunga mlango wa nyuma, akapiga magoti kwenye sakafu ya jikoni. Walihangaika na yule ndege chini ya meza, mmoja huku mwingine kule, Soma Kwanza akimbembeleza jogoo kwa sauti yake ya upole, mpaka mama akacheka hadi akalazimika kushika ukuta.

"Mshike miguu!" alisema. "Miguu, mwanangu! Usimwombe!"